Kingamwili moja ya prothrombini, mistari mitatu. Upi ndio wa kweli?

#1 BintiFumba
Assalaam alaykum. Nimekwama, nahitaji macho ya watu wengine.

Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu naufanya hapa Unguja. Naitafuta prothrombini kwenye damu za watu sita waliojitolea, wote wazima. Kwa asiyeijua: prothrombini ni kimeng'enya kilicholala. Ini linaitengeneza, inazunguka mwilini bila ya kumgusa mtu. Mshipa ukichanika inakatwa, inakuwa thrombini, na thrombini ndiyo inayogeuza faibrinojeni ikawa nyuzi, damu ikashika. Ikiwa nzima ina uzito wa kama kilodaltoni 72 (kilodaltoni ndicho kipimo cha uzito wa protini; namba zote za mistari humu ni hizo).

Nimefanya westani bloti, njia ya kuzipanga protini kwa uzito kwenye jeli kisha kuisaka unayoitaka kwa kingamwili. Plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli, nimeipitisha kwenye jeli ya asilimia 10, nikahamishia kwenye utando, nikaziba kwa maziwa ya unga asilimia 5. Nikaulaza utando usiku kucha na kingamwili ya sungura dhidi ya prothrombini ya binadamu. Asubuhi nikatia ya pili, ya mbuzi dhidi ya sungura, ile yenye peroksidesi, kimeng'enya cha kutoa rangi. Rangi ya kahawia ikatoka safi kabisa.

Sampuli ya 3, ya 4 na ya 6 zina mstari mmoja mnene kwenye 72. Hizo nazielewa. Lakini ya 1, ya 2 na ya 5, mstari wa 72 umefifia kama wino ulioingia maji, halafu upo mkali kwenye 37 hivi, na mwengine juu, baina ya 90 na 100. Nimerudia mara mbili, yale yale. Msimamizi wangu kasema kingamwili mbovu, niagize nyengine. Kuagiza ni wiki sita, na pesa sina. Jee, kweli ni kingamwili?

#2 Mkarafuu_Wete
Waalaykum salaam mwanangu. Mimi mtu wa shamba, Wete huku, nimeingia kwa sababu nimeona habari za damu kuganda. Ila hapo kwa sungura na mbuzi boti imeniacha bandarini. Hao wanyama wamo humo maabara?

#3 Pipeti_Kuukuu
BintiFumba, msimamizi wako nampa heshima zake, lakini kwa hili sikubaliani naye. Kingamwili ikiwa mbovu huwa mbovu kwa wote sita. Haiwezi kuiona vizuri sampuli ya 3 kisha ikapofuka kwa ya 2 iliyo pembeni yake, utando mmoja, maji yale yale.

Piga hesabu. Thrombini ikishatoka, damu haiiachi itambe. Antithrombini, protini nyengine ya damu, inaikamata, na ikiikamata haiachii hata ukaichemsha ndani ya SDS, ile sabuni ya maabara. Antithrombini ni kilodaltoni 58. Thrombini 37. Jumla 95. Mstari wako wa juu uko wapi? Baina ya 90 na 100! Na huo wa 37 ni thrombini iliyobaki haijakamatwa. Damu za hao watatu zilianza kuganda kabla hujazifikia. Nna swali moja tu: vichupa vilikuwa na kifuniko cha rangi gani?

#4 BintiFumba
Buluu vyote, mwalimu. Vina sitreti ya asilimia 3.2, dawa inayoishika kalsiamu damu isigande, damu sehemu tisa kwa sitreti sehemu moja. Chekundu, kile kisicho na dawa hiyo, sikugusa.

#5 Shangani_Usiku
Mzee Mkarafuu, ondoa wasiwasi, hakuna mnyama humo. Sungura alichomwa prothrombini ya binadamu huko inakotengenezwa dawa. Mwili wake ukaiona mgeni, ukatengeneza kingamwili za kumnasa mgeni huyo. Damu yake ikachukuliwa, kingamwili zikachujwa, ndizo alizonunua BintiFumba. Sasa zikishashika kwenye utando huzioni kwa macho. Mbuzi naye alichomwa kingamwili za sungura, akatengeneza za kwake zinazomnasa sungura, na hizo ndizo zilizofungiwa kimeng'enya cha kutoa rangi. Sungura ameshika prothrombini, mbuzi amemshika sungura, rangi inakuonesha walipo.

Na hiyo ya sungura aghlabu ni mchanganyiko. Si kingamwili ya aina moja, ni nyingi, kila moja inashika pahala pake. Chukua walinzi kumi wanaomjua mtu mmoja: huyu anamjua kwa pua, huyu kwa mwendo, huyu kwa kovu la mguuni. Prothrombini ikikatwa vipande, mlinzi wa pua bado anaijua pua. Ndiyo maana anaviona na vipande. Kingamwili ya aina moja tu, inayotoka kwa ukoo mmoja wa seli, ni kazi ya Köhler na Milstein ya 1975, wakapewa Nobel 1984 pamoja na Jerne.

#6 Mkarafuu_Wete
Sungura wa hadithi zetu hajapata kukamatwa na mbuzi! Lakini nimefahamu, ahsante mwanangu. Na hii westani, ni kwa kuwa imetoka nchi za Magharibi?

#7 Mtoto_wa_Kikwajuni
Hapana mzee wangu. Alikuwepo Edwin Southern, Muingereza, 1975 akatoa njia ya kuhamisha DNA kutoka kwenye jeli. Southern ni jina la ukoo wake, lakini kwa Kiingereza maana yake ya kusini. Walipokuja wengine na RNA wakaiita ya kaskazini kwa mzaha. Towbin na wenzake wakafanya ya protini 1979, na Burnette ndiye aliyeipachika jina la magharibi, 1981. Dira nzima imetokana na ukoo wa mtu mmoja.

#8 FundiFriza
Nimesoma yote, na naona mnaikimbia friza. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu, Unguja na Pemba, miaka kumi na saba sasa. Wa umri wangu wanaikumbuka ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini wa Fumba ulipoharibika, kisiwa kizima gizani miezi mitatu. Tangu pale watu wakajifunza majenereta, lakini mpaka leo naitwa kwenye friza ambayo juu ina barafu na chini ina maji. Mwenyewe anafungua mlango, anaona barafu, anaamini mambo salama.

Nenda kaangalie chini ya friza yako. Ukiona vichupa vimelala ubavu na barafu yake imeganda kwa kuinama, hapo ilishayeyuka ikarudi. Na ikiwa ni friza ya nyumbani, ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, basi kila siku inapanda joto na kushuka. Ile ni ya samaki na juisi ya ukwaju. Ya damu si hiyo.

#9 Pipeti_Kuukuu
FundiFriza, hilo la barafu iliyoinama ni zuri mno, nalichukua. Lakini ngoja kidogo. Plazima ya sitreti ikiyeyuka, kalsiamu bado imeshikwa na sitreti. Bila ya kalsiamu, fakta X, moja ya protini za kugandisha damu, haishiki kazi yake ya kuikata prothrombini. Kuyeyuka kunaharibu vitu vingi, ila kukupa mstari wa 95 kwenye sampuli tatu na kuziacha tatu nyengine safi, sioni vipi.

#10 FundiFriza
Ikiwa tatu zilikuwa rafu ya juu na tatu rafu ya chini?

#11 Pipeti_Kuukuu
Hapo umenikamata.

#12 Daktari_Likizoni
Samahani, naingilia. Nakubali mstari wa 95, siukubali wa 37. BintiFumba, ulitia merkaptoethanoli, ile dawa ya kukata viungo vya salfa vya protini, kwenye sampuli?

#13 BintiFumba
Nilitia, daktari. Maabara nzima ilinuka yai viza, mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza.

#14 Daktari_Likizoni
Basi thrombini yako haiwezi kuwa 37. Thrombini ni minyororo miwili, mfupi wa asidi amino 36 na mrefu wa 259, na kinachoishikanisha ni kiungo cha salfa. Merkaptoethanoli kazi yake ni kukikata kiungo hicho. Ule mfupi, kama kilodaltoni 4, unakimbilia chini kabisa ya jeli na kupotea. Mrefu unabaki, na unakaa kama 31 au 32. Kwa hivyo 37 ya Pipeti_Kuukuu ni ya mtu ambaye hakutia merkaptoethanoli.

Mimi nasema huo ni upande wa pili wa prothrombini. Ikikatwa kwenye arijinini ya 271, mbele kunatoka kipande kiitwacho 1.2, na hicho kwenye jeli hukaa kama 35 hivi. Thrombini inashikwa na antithrombini, kipande 1.2 hakuna anayekishika, kinabaki kikizunguka. Ndicho kinachopimwa spitali za wenzetu wakitaka kujua kama damu ya mtu inaganda kimyakimya ndani. Soma karatasi iliyokuja na kingamwili: sungura alichomwa prothrombini nzima au kipande? Akiwa amechomwa nzima, anaviona vyote.

#15 Pipeti_Kuukuu
Nasahihishwa kwenye merkaptoethanoli, ahsante daktari. Lakini 32, 35 na 37 unazitenganishaje kwa jeli ya asilimia 10 na ngazi ya rangi, zile protini za kupimia uzito? Ngazi hizo protini zake zimebandikwa rangi, zinatembea kwa uzito wa rangi pia. Na prothrombini ina sukari juu yake, nayo inapotosha mwendo. Mimi 37 ya mwanafunzi naisoma "baina ya 31 na 40".

#16 Daktari_Likizoni
Basi na 95 yake uisome hivyo hivyo, mzee wangu. Huwezi kuilegeza ngazi chini ukaikaza juu.

#17 MkungaMicheweni
Assalaam alaykum wanangu. Miaka ishirini na mbili nazalisha. Nna swali la kweli, si la kupoteza wakati wenu.

Mwaka uliopita aliletwa mtoto wa siku nne, kazaliwa nyumbani. Mama kamfunga kitambaa cheupe kitovuni, kitambaa kimelowa, kabadilisha, kimelowa tena. Si damu ya kuruka, ni ya kuchuruzika taratibu, haiachi. Nilipokifungua chini kulikuwa na utando mwembamba wa damu, mwekundu mbichi, haujafanya gamba wakati ulitakiwa uwe umefanya. Kidoleni nilipomchoma kupima sukari na penyewe pakawa hapafungi. Tukampa vitamini K sindano, tukampeleka mbele. Alhamdulillahi, baada ya saa chache kitambaa kikaanza kubaki kikavu. Sasa anatambaa, mama yake kila akipita lazima anioneshe.

Swali langu: damu ya mtoto yule ungeitia kwenye huu utando wenu, ungeona mstari wa 72 haupo?

#18 Daktari_Likizoni
Bi Mkunga, hongera kwa kazi hiyo. Na swali lako ndilo lililotakiwa kuulizwa tangu mwanzo wa uzi.

Jibu: mstari ungeuona, tena huenda mzuri tu. Ini la mtoto linatengeneza prothrombini hata bila ya vitamini K, ingawa mtoto mchanga huwa nayo chache kuliko mtu mzima. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho. Vitamini K ndiyo inayokiwezesha kimeng'enya kimoja cha ini kupachika kaboni ya ziada kwenye asidi ya glutamiki kumi za mwanzo wa prothrombini. Hizo kumi ndizo mikono inayoshika kalsiamu, na kwa kalsiamu inakaa juu ya kidonda. Bila ya mikono, prothrombini ipo, ina 72 yake, sungura anaiona, na damu haigandi. Tofauti ya uzito ni ndogo mno, jeli haiijui.

Kwa hivyo kingamwili ya kawaida inaona umbo. Haijui kama kitu kinafanya kazi. Zipo kingamwili zilizotengenezwa makusudi kuikamata ile isiyo na mikono, lakini hiyo ya BintiFumba siyo.

#19 MkungaMicheweni
Ahsante daktari. Basi wanaosoma humu na wana wajawazito nyumbani: miligramu moja ya vitamini K, sindano ya paja, mtoto akizaliwa. Iulizieni. Yule mtoto angezaliwa kwetu angeipata.

#20 Mama_wa_Vikokotoni
Daktari, hiyo ndiyo habari ya mama yangu mzazi. Alibadilishwa valvu ya moyo, maradhi ya moyo yaliyoanzia koo utotoni, sasa anakunywa warfarini kila jioni. Tuliambiwa asile mchicha kabisa. Tukaacha mchicha, kisamvu, matembele, mwaka mzima. Siku ya harusi ya mdogo wangu akala kisamvu cha nazi sahani mbili, na baada ya hapo INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikashuka. Kila mtu nyumbani akamlaumu mpishi.

#21 Pipeti_Kuukuu
Msimlaumu mpishi. Majani hayo yana vitamini K nyingi, na warfarini inafanya kazi kwa kuuzuia mzunguko wa vitamini K. Ukiyaacha mwaka mzima kisha ukala sahani mbili, lazima mizani iruke. Wanaohusika na kliniki hizo siku hizi wanasema kula, lakini kula kwa kipimo kile kile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe juu ya chakula chako. Mwambie daktari wake kabla ya kubadilisha chochote.

Na kwa faida ya uzi: warfarini iliuzwa kwanza kuwa sumu ya panya, 1948, Marekani. Ilianzia kwa ng'ombe waliokula majani yaliyooza wakavuja damu. Binadamu wakaanza kuitumia 1954.

#22 Mama_wa_Vikokotoni
Sumu ya panya! Hilo simwambii mama.

#23 Mkarafuu_Wete
Mwacheni mama wa watu ale. Sasa nami nna langu. Huku Pemba msimu wa karafuu watu wanaanguka mikarafuuni, na mimi kwa macho yangu naona mchumaji akijikata mkono siku za uchumaji damu yake haikamati upesi. Kutwa nzima mikono imo kwenye karafuu, harufu inaingia mpaka kwenye chai. Wazee wanasema karafuu inalainisha damu. Jee, hao watu watatu si wachumaji?

#24 Shangani_Usiku
Mzee, wazee hawakusema bure. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, na kwenye maabara eujenoli imeonekana kuzizuia chembe sahani zisishikane. Lakini hizo ni chembe sahani, ukuta wa mwanzo wa kidonda. Prothrombini ni habari nyengine. Hata chembe sahani zikilala zote, mstari wa 72 hautahama. Na kuishika karafuu kwa mikono si kama kuitia kwenye kichupa cha maabara.

#25 Mkarafuu_Wete
Nakubali la maabara. Mkono uliokatika niliuona.

#26 MajiYaKisima
Nyote mnazunguka, jibu limo ndani ya maji. Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yetu ni chokaa tupu, angalieni birika zenu ndani, ule ukoko mweupe. Chokaa ni kalsiamu! Pipeti_Kuukuu mwenyewe kasema damu ya sitreti haigandi kwa kukosa kalsiamu. Sasa mwanafunzi kaipunguza plazima kwa bafa, maji ya chumvi ya maabara. Bafa kaitengeneza kwa maji gani? Mashine ya kuchuja ikichoka, katriji yake ya kuchujia ikipitwa na wakati, anairudishia damu kalsiamu kwa mkono wake. Imeganda ndani ya kichupa chake mwenyewe, si ndani ya mshipa.

BintiFumba, uliipunguza lini? Kabla ya kuichemsha au siku ya pili?

#27 BintiFumba
Subhanallah. Niliipunguza moja kwa hamsini jioni, nikaiacha kwenye friji, nikaichemsha asubuhi. Maji ya mashine ya kuchuja, ndiyo. Sikumbuki katriji ilibadilishwa lini.

#28 Daktari_Likizoni
Wazo zuri, MajiYaKisima, ila bafa yake nadhani ni ya fosfeti, na fosfeti na kalsiamu hazikai pamoja, huanguka chini kama unga mweupe. Pia kwa moja kwa hamsini kila kitu kimekuwa chepesi mno, fakta X na V zitakutana wapi? Na kama ni maji, mbona sampuli ya 3, ya 4 na ya 6 zimepona? Zimepunguzwa kwa bafa ile ile.

#29 MajiYaKisima
Labda chupa mbili za bafa.

#30 BintiFumba
Nimerudi na daftari. Naandika yote, msinihurumie.

Sampuli ya 1, ya 2 na ya 5 zilitolewa Jumatatu. Ya 3, ya 4 na ya 6 Jumatano. Nilizipa namba baadaye, kwa hiyo sikuliona hilo. Jumatatu aliyetoa damu si yule wa Jumatano. Kwa mtu wa pili mshipa ulikataa, sindano ikazungushwa, damu ilikuja tone tone. Siku hiyo hiyo umeme ulikatika mashine ya kuzungusha damu ikiwa inaenda, vichupa vikakaa kama dakika arubaini mpaka jenereta likawaka. Bafa nilitengeneza chupa mbili, sikuandika ipi ilitumika wapi. Na FundiFriza: nimeangalia. Rafu ya chini, vichupa viwili barafu yake imeinama.

#31 FundiFriza
Nilisema.

#32 Pipeti_Kuukuu
Na mimi nilisema! Tone tone, sindano inazungushwa ndani ya nyama. Pale nyama iliyojeruhiwa inamwaga thromboplastini yake, kitu kinachoamsha kuganda, ndani ya sindano, damu inaanza kuganda kabla haijakutana na sitreti. Halafu kichupa hakikugeuzwageuzwa. Mara tatu nne taratibu, si kutikisa kama urojo. Mimi nimewahi kutoa kibonge kidogo cha damu ndani ya kichupa cha buluu kwa kijiti cha mbao. Kimejificha chini, juu plazima inang'aa, hujui kitu mpaka ukiinamishe.

#33 Mtoto_wa_Kikwajuni
Lakini mshipa uliokataa ni wa mtu wa pili tu. Wa 1 na wa 5 je? Nao damu imeganda kwa nini?

#34 Pipeti_Kuukuu
Umeme. Dakika arubaini na seli bado zimo.

#35 Daktari_Likizoni
Dakika arubaini kwa damu ya sitreti si kitu, vipimo vingi vya kuganda vinaruhusu saa kadhaa. Mimi nimebaki na mtoaji damu wa Jumatatu. Vichupa vilijaa mpaka mstari?

#36 BintiFumba
Viwili nakumbuka vilikuwa nusu.

#37 Shangani_Usiku
Ndiyo hivyo, havikujaa, damu ikaganda.

#38 Daktari_Likizoni
Kinyume chake, ndugu yangu. Kichupa kikiwa nusu, sitreti inakuwa nyingi kuliko damu. Vipimo vya muda vinarefuka, mtu anaonekana damu yake haigandi na kumbe mzima. Kinachogandisha ni kichupa kilichojazwa kupita kiasi.

#39 Shangani_Usiku
Ahsante kwa sahihisho.

#40 Hijama_Mwembeladu
Salaam. Mimi napiga chuku, kazi ya babu yangu na baba yangu. Damu inayotoka kwenye pembe huganda kama jeli ndani ya dakika chache, nyeusi, inatikisika. Watu wanasema hiyo ndiyo damu chafu. Nyie wa kingamwili mngeipima mngeona nini?

#41 MkungaMicheweni
Mwanangu, imeganda kwa sababu imetoka nje ya mshipa na imepita kwenye ngozi iliyokatwa. Damu yoyote safi ingefanya vivyo hivyo. Isingeganda ndiyo ungekimbia.

#42 Pipeti_Kuukuu
Na kwenye utando ungeona 95 kubwa kuliko zote, 72 imekwisha. Zamani walitumia ruba badala ya pembe, na ruba anafanya kinyume: mate yake yana hirudini, inaikamata thrombini isifanye kazi, ndiyo kidonda cha ruba kinavuja kutwa.

BintiFumba, rudi kwenye kazi. Chota damu yako mwenyewe kwa kichupa chekundu, iache saa nzima igande, chukua seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda. Ipitishe pembeni ya sampuli ya 2 na ya 3. Weka na njia moja ya jeli yenye sampuli bila ya merkaptoethanoli. Na ukate kipande cha utando ukitie kingamwili ya mbuzi peke yake, bila ya sungura.

#43 Daktari_Likizoni
Na upunguze kiasi unachotia. Albumini iko gramu 40 kwa lita, prothrombini kama gramu 0.1. Albumini ni 66, imekaa chini ya mlango wa 72 na imejazana pale, inausukuma na kuufifiza mstari wako. Huenda kufifia kwa 72 ni msongamano tu.

#44 Shangani_Usiku
Na dada, kingamwili usiigandishe ikayeyuka ikaganda tena. Igawe kwenye vichupa vidogo vidogo. Na ukiwa unatia azidi kuihifadhi, isiingie kwenye ile ya mbuzi, inaua peroksidesi, rangi hutaiona.

#45 BintiFumba
Nimefanya, siku tano zimepita, samahani kwa kimya.

Mbuzi peke yake: utando mtupu, ila kivuli hafifu kwenye 50. Kwa hiyo 37 na 95 haziletwi na mbuzi. Seramu yangu: 95 ipo, mnene, 72 karibu hakuna. Pipeti_Kuukuu, hapo ulisema kweli. Lakini kwenye 37 seramu yangu ina mstari mwembamba tu, wakati sampuli ya 2 ina mkali kuliko huo mara nyingi. Na sampuli ya 5 leo 95 imepungua kuliko wiki iliyopita, 37 imezidi. Nimetia kiasi kidogo kama alivyosema daktari, 72 bado imefifia kwa wale watatu.

#46 Daktari_Likizoni
Inazidi kadri inavyokaa? Basi kuna kitu kinaendelea kukata ndani ya kichupa.

#47 FundiFriza
Friza.

#48 Pipeti_Kuukuu
Au plazmini, kimeng'enya cha kuyeyusha damu iliyoganda, au kile kilichotoka kwenye seli nyeupe zilizopasuka zile dakika arubaini. Njia isiyo na merkaptoethanoli imeonesha nini? Mstari umepanda, umeshuka au umebaki pale pale?

#49 MajiYaKisima
Na maji umeyapima?

#50 BintiFumba
Maji nimepeleka kupimwa, majibu Alkhamisi. Njia isiyo na merkaptoethanoli jeli ilipasuka nikiitoa kwenye kioo, ndiyo naimimina nyengine sasa hivi. Msimamizi nimemuonesha seramu, ameniambia nisiagize kingamwili kwanza. Na Jumatatu wale watu watatu wamekubali kutolewa damu tena, safari hii atatoa yule wa Jumatano.

#51 Mkarafuu_Wete
Waulize na kazi zao, mwanangu. Usisahau.